Dimenshia mbili chini ya paa moja: uchambuzi wa kisa cha wanandoa wanaotafuta makazi yenye usaidizi

Kisa kinachochambuliwa hapa hakimhusu mtu fulani. Kimeundwa kwa kuunganisha mambo ambayo familia, wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii huyakuta tena na tena pale wanandoa wazee wanapofikia hatua ya kutoweza kuishi peke yao, na kila wanapobisha hodi wakaambiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya mtu mmoja. Wanandoa wa kisa hiki wote wawili wana dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na wamechaguliwa hivyo kwa makusudi. Maandishi mengi kuhusu makazi ya wazee huchukulia kwamba katika kila ndoa yupo mgonjwa mmoja na mlezi mmoja mwenye afya yake, ilhali umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote cha maradhi haya, na watu waliozeeka pamoja huufikia umri huo pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia na kwamba karibu wagonjwa wapya milioni 10 huongezeka kila mwaka. Katika idadi kubwa kiasi hicho, nyumba yenye wagonjwa wawili si jambo la ajabu.

Mume ana miaka 81. Anaugua ugonjwa wa Alzheimer, ambao huchangia asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia yote. Kumbukumbu ya mambo ya karibuni imemtoka karibu yote. Huuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, na jioni hutaka kuondoka aende nyumbani ingawa yumo nyumbani kwake. Mwili wake, hata hivyo, bado una nguvu. Mke ana miaka 78. Yeye alipata viharusi viwili vidogo, na baadaye akaambiwa kwamba ana dimenshia itokanayo na maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo. Mkono wake wa kushoto ni dhaifu, hutembea kwa shida, na kupanga jambo lenye hatua nyingi humchosha upesi. Lakini anajua leo ni lini, anawatambua watu wote, na anazijua dawa za mumewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Asubuhi moja afisa ustawi wa jamii aliyekwenda kuwaona aliwakuta wakishughulika na kisanduku cha dawa chenye safu mbili za vyumba saba saba, safu ya juu ya mke na ya chini ya mume. Mke hakuweza kufungua vifuniko kwa mkono mmoja. Alisema, “Leo Jumatano, mzee. Fungua hiki, na kile cha chini yake,” na mume, ambaye muda mfupi kabla alishindwa kuitaja siku wala mwezi, akafungua vifuniko viwili kwa kidole gumba, akamimina vidonge kiganjani na kumpelekea mkewe. Mke akavitenga, vyake huku na vya mumewe kule. Kazi ambayo ingemshinda kila mmoja wao akiwa peke yake ilimalizika kabla afisa hajapata nafasi ya kujitolea kusaidia.

Mpango huo wa kusaidiana ulivunjika usiku mmoja mke alipoanguka bafuni. Mume alimwona, akajua kwamba kuna jambo baya limetokea, akamfunika kwa blanketi na kukaa karibu naye sakafuni, lakini hakukumbuka namna ya kuita msaada. Binti yao aliwakuta hapo asubuhi. Mke alilazwa, mume akabaki kwa binti, na katika siku zile chache akatoka nje mara kadhaa usiku kumtafuta mkewe, jambo ambalo lilirekodiwa kwenye faili lake kama tabia ya kuzurura.

Tathmini ilifanyika kabla mke hajaruhusiwa kutoka hospitalini. Kila mmoja alipimwa kivyake, kwa fomu yake, siku yake. Ilionekana kwamba mume anahitaji kitengo maalumu cha dimenshia chenye milango inayodhibitiwa, na kwamba mke anafaa kuishi katika makao ya kawaida ya wazee ambako atasaidiwa kuoga, kuvaa na kutembea. Makao hayo mawili hayakuwa mahali pamoja. Ukizisoma ripoti zile moja moja, huoni neno la uongo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba zilipima kile ambacho kila mtu hawezi kukifanya peke yake, na hazikuwa na mahali pa kuandika kile ambacho wawili hawa hukifanya wakiwa pamoja. Hata kule kuzurura kulihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wa mume tu, ingawa kulitokea hasa katika siku ambazo mkewe hakuwepo na hakuna aliyeweza kumweleza kwa namna anayoielewa kwamba yupo wapi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kisa hiki kilipogeukia, na ndipo visa vingi vya namna hii hupotelea. Tathmini ya wanandoa inahitaji karatasi tatu: ya mume, ya mke, na ya wawili hao kwa pamoja. Ile ya tatu ndiyo inayoonyesha ni nani anayemkumbusha mwenzake kunywa maji, ni nani anayeamka usiku, na ni kazi zipi zitakazohitaji mhudumu mara tu wawili hao wakitenganishwa. Kuwatenganisha hakugawi mzigo wa huduma sehemu mbili. Aghalabu huuongeza, kwa sababu msaada waliokuwa wakipeana bila malipo inabidi sasa utolewe na wafanyakazi katika nyumba zote mbili.

Ni lazima pia kusema upande wa pili, maana shauku ya kuwaweka wazee pamoja inaweza kuwa upofu wa aina nyingine. Ndoa ndefu si lazima iwe ndoa njema, na uchovu wa ulezi unaweza kumfanya mtu mpole awe mkali. Kwa sababu hiyo mume na mke walihojiwa kila mmoja faraghani, bila watoto kuwepo, na waliulizwa mambo mepesi kuliko lile swali zito la wanataka kuishi wapi: ni saa ngapi za siku unazozipenda, ni nini kinachokuogopesha, ungependa nani awe karibu unapoamka. Mke alikiri kwamba humfokea mumewe jioni, na kwamba hujilaumu baadaye. Alisema anataka kuishi naye, lakini pia anataka usiku mmoja mmoja wa kulala bila kuamshwa. Mume hakuweza kujibu maswali kuhusu nyumba. Kila alipoulizwa, aliuliza mkewe yuko wapi. Maofisa waliliandika hilo kuwa ndilo jibu lake, na nadhani walifanya sawa. Kuambiwa kwamba una dimenshia hakumwondolei mtu haki ya kuamua. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa kila jambo na kwa wakati wake, na pale maneno yanapopungua, mwenendo wa mtu na historia ya maisha yake navyo ni ushahidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unasema katika ibara ya 19 kwamba watu hao wawe na nafasi ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao.

Njia ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa kurudi nyumbani kwao wakiwa na wahudumu wa kuja na kuondoka. Hiyo ndiyo wazee wengi huitaka, na mara nyingi inafaa. Hapa haikutosha kwa sababu moja: hatari zao zilikuwa za usiku, na wahudumu walikuwa wa mchana. Vihisi vya mlangoni na sakafuni vinaweza kutoa taarifa kwamba mtu ametoka au ameanguka, lakini kifaa hakimwinui mtu. Lazima awepo binadamu anayeweza kufika kwa dakika chache, na binti aliishi mbali.

Njia ya pili ilikuwa chumba kimoja cha wawili katika makao ya wazee yenye wauguzi. Familia iliipenda mwanzoni kwa kuwa ilionekana kuwaweka pamoja. Tatizo lilijitokeza kwenye mkataba. Katika makao mengi ya namna hii nafasi hutolewa kwa mtu kulingana na kiwango chake cha uhitaji, na mwenzi huingia kwa mgongo wake. Yule mwenye uhitaji mkubwa akifariki, aliyebaki anaweza kuambiwa kwamba hastahili tena kuwepo, au kwamba ahamie chumba cha mtu mmoja, katika wiki zile zile anazoomboleza. Chumba kimoja pia hakina pa kukimbilia. Mume akiwa hatulii usiku, mke hana mlango wa kuufunga kati yao, na wafanyakazi wenye nia njema hufikia suluhisho lililo karibu zaidi, yaani kumpa mmoja dawa ya usingizi.

Nchi chache zimejaribu kulitatua suala hilo kwa sheria. Nchini Sweden, tangu Novemba 2012, mtu mzee anayehitaji makazi maalumu ya huduma ana haki ya kuendelea kuishi huko na mwenzi wake hata kama mwenzi huyo mwenyewe hahitaji huduma. Jimbo la Nova Scotia nchini Canada lilipitisha mwaka 2021 sheria inayowawezesha wenzi kuishi pamoja katika nyumba ya huduma ya muda mrefu ingawa viwango vyao vya uhitaji havilingani. Sheria za aina hii hufungua mlango, haziongezi vyumba. Familia inayoishi mahali pasipo na sheria kama hizo inaweza bado kudai jambo hilo hilo kwa njia ya mkataba, ilimradi ilidai kabla ya kutia saini.

Njia ya tatu ilikuwa nyumba ndogo ya kundi, ambamo watu wachache wenye dimenshia huishi kama kaya moja na kushiriki kazi za nyumbani kadiri wawezavyo. Japani imeuendeleza mfumo huu kwa upana ndani ya bima yake ya huduma ya muda mrefu iliyoanza mwaka 2000; kila kaya haizidi watu tisa, chumba kwa kawaida ni cha mtu mmoja, na wawili wanaweza kuruhusiwa inapobidi, kama ilivyo kwa wanandoa. Ni mfumo mzuri kwa mtu anayepotea katika jengo kubwa. Lakini umewekwa kwa ajili ya watu wenye dimenshia tu, kwa hiyo mwenzi mzima wa afya hubaki nje. Wanandoa wetu, kwa bahati ambayo hakuna angeiombea, walikuwa na sifa wote wawili. Kilichowarudisha nyuma ni ule mkono na miguu ya mke: nyumba ndogo waliyoipata haikuwa na vifaa wala wafanyakazi wa kumhudumia mtu anayehitaji kuinuliwa, na hali yake ilitarajiwa kufika huko. Kuhusu vijiji vya dimenshia, mfano unaotajwa zaidi ni Hogeweyk ulioko Weesp, Uholanzi, uliofunguliwa mwaka 2009 wenye kaya ndogo ndogo, mitaa na bustani ambamo wakaaji hutembea kwa uhuru ndani ya mpaka mmoja. Huko wakaaji ni watu wenye dimenshia kali, na mke asingefaa bado.

Njia iliyochukuliwa ni ya nne, ambayo Uingereza imekuwa nayo kwa muda mrefu: nyumba za kupanga zinazojitegemea, kila moja na mlango wake, jiko lake na bafu lake, katika jengo ambalo wahudumu wapo usiku na mchana. Jambo la msingi hapa ni kwamba nyumba na huduma ni mikataba miwili tofauti. Mpangaji ni mpangaji, na saa za huduma huongezwa au kupunguzwa bila yeye kuhama. Upangaji uliandikwa kwa majina ya wote wawili, ukiwa na kifungu kwamba yeyote atakayebaki ataendelea na nyumba ile ile. Binti alitaka kuuweka kwa jina la mama peke yake kwa sababu yeye ndiye angeweza kutia saini akiuelewa vizuri. Ushauri aliopewa ni kwamba kufanya hivyo kungemfanya baba kuwa mgeni katika nyumba yake. Mume aliwakilishwa na binti, ambaye alikuwa na hati ya kisheria ya kumwakilisha iliyoandikwa miaka ya nyuma wakati mume bado anaelewa anachokitia saini. Mke naye alishauriwa aandike yake mapema, maadamu bado angeweza. Hilo lilikuwa la haraka kuliko kuhama kwenyewe, kwani hadi wakati huo mwakilishi aliyetajwa wa mke alikuwa ni mumewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na familia ilishikilia sharti hilo dhidi ya msimamizi aliyeona kwamba wanandoa wanatosheka na kimoja. Chumba kikubwa kiliwekwa kitanda chao cha zamani, kikiwa kimeelekezwa ili mume aamke upande ule ule aliouzoea na, akiketi ukingoni, auone mlango wa choo moja kwa moja mbele yake. Mlango huo ulipakwa rangi tofauti kabisa na ukuta, na kiti cha choo kikawa cha rangi inayojitenga na sakafu. Mkeka mweusi wa mlangoni uliondolewa, kwani mtu mwenye dimenshia anaweza kuuona kama shimo na akakataa kuuvuka. Kioo kikubwa cha ukumbini kilifunikwa baada ya mume kuanza kumsalimia mzee asiyemjua aliyekuwa akimtazama kutoka ndani yake. Taa ziliongezwa mwanga, kwa manufaa ya wote wawili.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, kama inavyotarajiwa. Mume alitafuta mlango usiku, kihisi kikatoa taarifa, mhudumu akaja, na polepole ikafahamika kwamba akionyeshwa mkewe amelala hurudi kitandani bila ubishi. Wahudumu wakaacha kumwelekeza kwa maneno.

Tatizo ambalo halikutarajiwa lilitoka upande wa wahudumu. Kwa kuwa mke alimjua mume vizuri na alikuwa pale saa zote, taratibu wakaanza kumtegemea: alimpa dawa, alimtuliza, alimkumbusha kula, na saa za huduma zilizopangwa kwa ajili ya mume zikapunguzwa kwa hoja kwamba anaendelea vyema. Mgonjwa mmoja akawa mhudumu wa mwenzake, na hakuna aliyeliandika hilo popote. Mwuguzi aliyegundua mke anapungua uzito ndiye aliyelifufua suala hilo. Mpango wa huduma uliandikwa upya, ukitaja yale ambayo mke hupenda kuyafanya kwa hiari yake, kama kupanga vidonge na kumsomea, na yale ambayo asiombwe kamwe, kama kumwinua, kumwogesha au kuamka usiku. Mume alianza kwenda kwenye shughuli za mchana ndani ya jengo siku tatu kwa wiki, na saa hizo zikawa za mazoezi ya mkono na mapumziko ya mke. Wengi huhesabu usaidizi kwa kutazama anayeonekana mgonjwa zaidi. Ningependa kuona ukihesabiwa kwa kuanzia na yule anayesema hana tatizo.

Faragha nayo ilihitaji kanuni. Wahudumu walikuwa na funguo, na walizoea kugonga na kuingia papo hapo. Waliagizwa kugonga na kusubiri kuitikiwa, isipokuwa kihisi kimetoa taarifa. Swali la mahaba kati ya watu wawili wenye dimenshia halikukwepwa: waliokubaliana kuoana miaka mingi iliyopita bado wanahitaji kukubaliana leo, na wafanyakazi walifundishwa kutazama kama kila mmoja anaonyesha furaha au karaha, si kuzuia ukaribu kwa kuwa tu ni wazee au ni wagonjwa.

Baadaye, kadiri ugonjwa ulivyosonga, mume alianza baadhi ya jioni kutomtambua mkewe na kumwamuru mwanamke huyu mgeni atoke nyumbani kwake. Hapo chumba cha pili kilijilipa. Mhudumu humsindikiza mke huko, hukaa na mume hadi atulie, na mke anaporejea baadaye hupokewa kwa bashasha, kana kwamba ametoka safari. Mke alisema yanamuuma, lakini si kama alivyoogopa.

Kutenganishwa, hata hivyo, hakuondolewi na mpango wowote, na familia ilishauriwa kulijadili mapema. Walitajiwa mfano wa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ambaye aliacha kiti hicho mwaka 2006 ili awe karibu na mumewe, John, aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mume huyo alipohamia makao ya huduma akampenda mwanamke mwingine aliyeishi humo, na mwaka 2007 mwana wao alieleza hadharani kwamba mama yake alifurahi kuona mumewe ametulia. Mwaka 2018 O'Connor mwenyewe alitangaza kwamba naye ana dimenshia. Mfano huo haukutolewa ili uigwe. Ulisaidia tu kulifungua jambo ambalo mke hakuwa ametaka kulitaja, kwamba siku moja amani ya mumewe inaweza isimhitaji yeye.

Makubaliano yaliyoandikwa yanataja hali tatu zitakazoitisha kikao: mume akimpiga au kumsukuma mkewe, mke akiomba kutengana mara mbili katika siku ambazo hana homa wala maambukizi yanayoweza kumchanganya akili kwa ghafla, au mmoja wao akihitaji uuguzi usioweza kutolewa katika nyumba hiyo. Ikitokea hivyo, chaguo la kwanza ni kitengo cha dimenshia kilicho katika uwanja huo huo, umbali ambao mke anaweza kusukumwa kwa kiti cha magurudumu, na mlo mmoja wa kila siku watakula pamoja. Nafasi katika kitengo hicho haiwezi kuwekwa akiba, na msimamizi amekubali tu kuandika kwamba maombi ya mpangaji wa jengo yatatangulizwa. Binti bado anadai kifungu kilicho imara zaidi.